Sahani ya Bi Nezihe

Naomba radhi mapema: hadithi hii nitaisimulia vibaya. Mimi ni mtu wa jukwaani. Kazi yangu ni kuanguka juu ya viti na kuvaa suruali nyuma mbele, na hapa Kütahya, Uturuki, watu hawacheki ovyo. Wengi huondoka kabla sijamaliza. Basi mkiniona natania pale panapotaka kimya, nivumilieni. Natania ili msisikie meno yangu yanavyogongana.

Haya. Ilikuwa jioni, theluji imeanguka, moshi wa makaa umetanda mitaani. Anselmo alikuwa anashuka ngazi kwenda kununua mkate, na mkononi alikuwa na sahani ya buluu.

Huyu Anselmo ni Mreno, fundi wa tanuri kwenye kiwanda kimoja cha vyombo vya kaure. Alihamia ghorofa ya pili ya jengo letu pamoja na mkewe, Graça. Mji aliupenda kwa utulivu wake. Ni kweli, umetulia. Magharibi ikiadhiniwa, hata paka wanafunga milango. Baada ya kungoja mtoto miaka na miaka mpaka wakakata tamaa, hatimaye Graça alikuwa na mimba kubwa. Anselmo alikuwa akimshika mkono kama mtu aliyebeba yai kwenye barafu.

Sahani ilikuwa ya jirani wa chini, mjane aliyeitwa Bi Nezihe. Mwaka huu Muharram iliangukia majira ya baridi, na bibi alipika ashure, ule uji mtamu wa ngano, zabibu na lozi, unaonukia mdalasini na maji ya waridi, ambao kila nyumba hugawia majirani. Akapanda nao mwenyewe, pumzi zikimkata.

"Chukua, mwanangu. Mkeo anakula kwa wawili sasa."

"Asante, shangazi. Sahani nitairudisha."

"Uilete mwenyewe. Ugonge tu. Mimi nipo, siku zote nipo."

Akasimama kidogo pale mlangoni, kama anayengoja kuambiwa karibu ndani. Anselmo akatabasamu kwa adabu zote... akafunga mlango.

Juma lilelile, jioni moja ya mpira, bomba likalia.

Lazima niwaeleze bomba. Jengo letu linapashwa joto kwa maji moto, na bomba moja linapanda kutoka chini hadi juu, kila sebule linapita. Jirani akikukera kwa kelele, hapandi ngazi kugombana. Anachukua kijiko anagonga bomba. Unaelewa, unapunguza sauti, mambo yameisha.

*Ng'a... ng'a... ng'a.*

"Tumemkera bibi," Graça akanong'ona.

Anselmo akapunguza sauti ya televisheni.

*Ng'a... ng'a...*

Akaizima kabisa.

*Ng'a.*

"Sasa anataka tusipumue?" Anselmo akasema.

Ndipo mtu fulani huko juu akajibu. Na hakujibu kwa hasira, alijibu kwa ngoma! Alichukua kijiko akapiga juu ya bomba mdundo wa harusi, kwa madaha, wenye mikogo ya bwana harusi na bashasha ya mama mkwe. Jengo zima likacheka nyuma ya milango yake. Anselmo naye akacheka.

Chini pakanyamaza.

Bi Nezihe alikutwa siku chache baadaye, sakafuni jikoni, nyonga imevunjika. Mkononi alishika upawa. Ukutani, pale bomba linapopita, rangi ilikuwa imebanduka.

Hakuwa akilalamika. Alikuwa akiita.

Wanawe walikuja kutoka Ankara, wakamzika, wakafunga mlango, wakaondoka.

Basi jioni ile Anselmo aliiosha sahani kwa sabuni, akaifuta hadi ikang'aa, akaitia kwenye mfuko na kuutundika kwenye kitasa cha mlango uliofungwa. Sahani tupu. Kisha akaenda kununua mkate, moyo umetulia kama mtu aliyelipa deni.

Alipoumega mkate mezani, ndani hamkuwa na kitu.

Ganda tu. Pumzi ya joto ikatoka, ikiwa na harufu ya mdalasini na maji ya waridi.

Kesho yake walivunja mayai. Maganda matupu. Wakavunja jozi. Matupu. Na juu ya mkeka wa mlangoni, sahani ya buluu ilikuwa imerudi, safi, inang'aa.

Anselmo akairudisha chini. Jioni akaikuta mkekani.

Kisha mtoto akaacha kucheza tumboni.

"Moyo unapiga," daktari alisema, akikunja uso juu ya mashine yake. "Ila unasikika... mbali."

Graça hakulia. Usiku alimwambia mumewe, "Kama mtu anayeshuka ngazi. Kila siku kidato kimoja."

Mtu mwenye hofu haulizi msomi, huuliza muuza mkate. Kadriye wa tanuri la mkate alikuwa anakanda unga. Aliposikia habari ya sahani, mikono ikasimama.

"Ulirudisha tupu?"

"Niliiosha vizuri..."

"Aliiosha! Jamani, mpigieni makofi! Mwanaume wewe, hapa sahani ya jirani hairudi tupu. Hata limau moja. Hata chumvi kiganjani. Na inarudi mkononi mwa mtu, mnaketi, mnakunywa chai. Unadhani alikuletea uji? Alikuletea sababu ya kumgongea."

"Mimi mgeni, sikujua."

"Haya," Kadriye akasema polepole. "Nenda kamwambie yeye."

Graça akapika wali wa maziwa kama wa kwao, akaunyunyizia mdalasini. Jua lilipozama Anselmo alishuka na sahani imejaa. Taa ya ngazi, ambayo hujizima yenyewe, ikajizima.

Akagonga.

Mlango ukafunguka. Kidogo tu. Ufa wa giza, na baridi iliyonukia waridi.

"Hatimaye umegonga."

"Shangazi... nimeleta wali. Mke wangu kaupika."

"Uweke chini."

Akauweka. Kitu kikaivuta sahani ndani, taratibu, kaure ikikwaruza sakafu.

"Nilisikia ulipozima televisheni," sauti ikanong'ona. "Nikasema, huyo anakuja. Nikahesabu hatua zako. Hazikuja."

"Nisamehe. Tulidhani..."

"Wewe nitakusamehe. Lakini yupo aliyenipigia ngoma. Nimekufa, mwanangu, watu wakicheka. Nani?"

Anselmo alimjua. Ndiye aliyembebea kochi hadi ghorofani siku ya kuhamia, ndiye aliyemfundisha kumtukana refa kwa Kituruki fasaha. Rafiki yake pekee katika mji huu. Akauma ulimi.

"Nani?"

Anselmo akarudi nyuma hatua moja.

Kutoka juu, Graça akapiga kelele. "Anselmo! Simsikii tena! Anselmo, hapumui humu!"

Kidole kikapanda chenyewe. Kikanyooka juu, kikapita ghorofa ya pili, kikaelekea ya tatu.

Ndani kukasikika kicheko kidogo, kikavu, kama upawa unaokwangua sufuria tupu. Mlango ukafungwa.

Anselmo alipofika kwake, Graça alikuwa amekaa sakafuni, machozi yanamtiririka, akicheka. Tumbo lilikuwa linarukaruka chini ya gauni kama samaki kwenye kapu.

Hapo ningewaachia, ingekuwa hadithi nzuri.

Jana jioni Anselmo alinigongea mlango. Mkononi ana sahani ya ashure, inatoa mvuke.

"Kula, Kaka Bahattin."

"We Mreno, Muharram si imeisha?"

"Ilibaki." Anatazama viatu vyake.

Mimi nami, kapera wa miaka hamsini, lini niliwahi kuletewa chakula cha moto? Nikaila nimesimama, yote. Nikailamba sahani kwa ulimi. Ndipo nikaona rangi yake ya buluu, nikauliza, "Hii ya nani?"

Alikuwa ameshaufunga mlango kwa nje na kuushikilia. Akanieleza haya yote kupitia tundu la ufunguo, akilia kama mtoto.

Tangu hapo sahani naijaza: nimeweka limau, nimeweka chumvi, nimeweka hata picha yangu nikiwa nimevaa taji. Nikigeuka, ni tupu. Na bomba limeanza. Ule mdundo wa harusi, wangu uleule, ila unapigwa polepole... na kila ukirudi, unatokea ghorofa iliyo juu kidogo ya pale ulipokuwa.

Sasa umenyamaza. Kuna mtu anagonga mlango, kwa upawa.

Msimlaumu Mreno, yeye alinyoosha kidole tu. Ngoma niliipiga mimi. Na mchezaji ndiye huyo amefika.