Tundu Kwenye Chekecheke

Siku za Alhamisi na Ijumaa Voleak hakuvaa sare ya shule. Aliamka jogoo wa pili, akawasha moto chini ya nyumba, kati ya nguzo zilizoiinua, akapika wali na kuula kwa samaki mkavu huku amesimama. Kisha alijifunga krama yake, kitambaa cha pamba cha miraba, kichwani, akakutanisha viganja kumuaga bibi, akapanda baiskeli.

"Usipite kwenye tuta la mfereji, kuna utelezi!" Bibi Yin alimpigia kelele kila mara.

"Sipiti, Bibi!" Voleak aliitikia, naye kila mara alipita hapo hapo.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitano. Shule yao ilikuwa imeanza mpango mpya: wanafunzi wa darasa la tisa walisoma siku nne, na siku mbili walijifunza kazi kwa wenye kazi zao. Wengine walipelekwa kwa mafundi wa pikipiki, wengine kwa mshonaji. Voleak na mwenzake Makara walipelekwa kwenye karakana ya machujio ya maji. Mwisho wa muhula, mwanafunzi mmoja atakayesifiwa na msimamizi wake angesomeshwa bure chuo cha ufundi mkoani. Voleak aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Wazazi wake walikuwa wakishona nguo kiwandani, mbali, nao walikuja nyumbani mara mbili tu kwa mwaka. Hakutaka kuwafuata huko.

Chujio lilifanana na chungu kikubwa cha maua. Lilifinyangwa kwa udongo uliochanganywa na makapi ya mpunga yaliyosagwa. Ndani ya tanuri makapi yaliungua, yakaacha vitundu vidogo ambavyo jicho halivioni. Maji yalipita humo, uchafu na vijidudu vikabaki nyuma. Kwa hiyo makapi yalipaswa kuchekechwa vizuri. Chembe kubwa ikipita, tundu huwa kubwa, na chujio huwa si chujio tena.

Aliyelinda jambo hilo alikuwa msimamizi wao, Sarom, mama wa makamo ambaye karakana nzima ilimwita Shangazi. Alikuwa mpole wa maneno, lakini hakuachana na nyundo yake ndogo. Kila chujio lilijazwa maji, likaachwa kwa saa moja, kisha likapimwa kwa kijiti chenye mistari miwili, mweusi na mwekundu. Maji yakishuka hadi kati ya mistari, chujio lilipigwa alama ya vema kwa chaki ya bluu. Yakishuka kupita mstari mwekundu, lilipigwa nyundo.

"Shangazi leo kaamkia mkono wa kushoto," Makara alinong'ona asubuhi moja vipande viliporuka. "Hata mumewe nasikia alimpima kwanza kwa kijiti."

"Nimekusikia, Makara," Shangazi Sarom alisema bila kugeuka. "Na wewe ningekupima, ila najua huzuii kitu. Kila kinachoingia sikioni kinatokea mdomoni."

Karakana ilicheka. Voleak naye alicheka. Siku hizo bado alikuwa na moyo wa kucheka.

Wiki tatu baadaye, Ijumaa moja ya siku za Pchum Ben, ndipo Shangazi alipomkabidhi chaki ya bluu. Hizo ndizo siku tunazowapelekea wahenga wetu chakula pagodani, na kila mtu alikuwa na haraka ya kufika kwao.

"Yamebaki machujio kumi na mawili tu ya tanuri la saba, ya mchomo wa mwisho, yenye namba saba ubavuni," Shangazi alisema. "Mimi nakwenda kufunga hesabu ya udongo. Leo upime peke yako. Kesho asubuhi dereva wetu, Mzee Thoeun, anapeleka kwa pawatila yake machujio arobaini ya shule ya Prek Romdeng, kabla hawajafunga kwa sikukuu. Unajua ya Prek Romdeng?"

Voleak alijua. Masika yaliyopita watoto wa shule ile waliharisha hadi shule ikafungwa wiki mbili. Wengine walibebwa hadi zahanati ndani ya machela za kamba, mabegani kwa baba zao.

Aliyajaza maji, na saa ilipotimia alichovya kijiti kwenye chujio la kwanza. Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari mwekundu. Alidhani amekosea, akachovya tena. Akaenda la pili: chini ya mstari mwekundu. La tatu vilevile. Hapo ndipo alipokumbuka.

Makapi ya tanuri la saba aliyachekecha yeye. Siku ile aliona waya wa chekecheke umekatika pembeni na kufanya tundu la kupitisha kidole gumba. Alipaswa kusema, wavu ushonwe, na makapi yarudiwe. Lakini Makara na wenzake walikuwa wanamwita kwenye mpira wa wavu, nalo rundo lilikuwa limebaki kidogo. Alilaza chekecheke upande ili makapi yasifike kwenye tundu, akamaliza, akaenda kucheza. Tangu hapo chekecheke lilikuwa likining'inia ukutani, na kwa kuwa udongo wa tanuri la nane haukuwa umefika, hakuna aliyelishika.

Sasa aliitazama nyundo. Akivunja machujio haya, Shangazi atauliza. Akiuliza, atakwenda kutazama chekecheke. Na chuo cha ufundi kitakwenda na maji.

"Bado tu?" Makara aliita kutoka mlangoni, akiwa ameshapanda baiskeli. "Wahenga wangu wana njaa, bwana!"

Voleak aliyamwaga maji yote haraka. Akapiga vema kwenye chujio la kwanza, la pili, la tatu. Mengine tisa hakuyapima kabisa. Aliyapiga vema yote kumi na mawili, na chaki ikakatika mkononi mwake kwenye la mwisho.

Jioni ile Bibi Yin alimkuta akitazama tu majani ya mgomba badala ya kufungia wali wa kunata ndani yake.

"Unaumwa?"

"Hapana, Bibi. Nimechoka."

Alfajiri walikwenda pagodani. Watu walizunguka hekalu mara tatu wakiwa na mishumaa, wakitupa matonge madogo ya wali gizani. Voleak alikuwa amefanya hivyo tangu utoto, na tangu utoto alijua yale matonge ni ya nani. Ni ya mizimu yenye njaa, wale ambao midomo yao ni midogo kama tundu la sindano, hawawezi kula mwaka mzima.

"Walifanya nini, Bibi, hata wakapewa adhabu ile?" aliuliza, ingawa aliwahi kuambiwa.

"Mengi. Wengine waliiba, wengine walinyima." Bibi Yin alikuwa akichagua tonge zuri kwa vidole vyake vilivyopinda. "Mama yangu alisema wabaya zaidi ni waliompa mtu chakula kibovu, wakamwambia, kula tu, ni kizuri."

Tonge lilimdondoka Voleak. Akili yake haikuwa tena pale. Alikuwa akiona watoto wa Prek Romdeng wamejipanga na vikombe, na mwalimu anawaambia, kunyweni tu, haya ni safi, tazameni, yana alama ya vema.

"Bibi, pawatila ya Mzee Thoeun huondoka saa ngapi?"

"Jua likichomoza. Kwa nini? Voleak! We Voleak, viatu vyako!"

Hakurudi kuchukua viatu. Aliinyakua baiskeli langoni na kukanyaga kwa nguvu zake zote. Mbingu ya mashariki ilikuwa imeanza kuwa nyeupe. Kwenye karakana alikuta lango limefungwa, na alama mbichi za magurudumu zimeelekea barabara ya gatini. Huko ndiko mashua ya shule ilikokuwa ikisubiri. Machujio yakishavuka mto na kugawanywa madarasani na majumbani, nani angeyakusanya tena?

Alisikia pawatila kwa mbali, tuk-tuk-tuk, ng'ambo ya mashamba. Barabara ilizunguka, tuta la mfereji lilikata moja kwa moja. Akaliingia tuta. Hakufika hata nusu yake, gurudumu la mbele likateleza, akaenda yeye na baiskeli hadi ndani ya mpunga. Maji yalimfika mapajani. Aliiacha baiskeli palepale, akajikokota katika matope akishika mashina ya mpunga, akilia na kuomba kwa wakati mmoja. "Asifike. Tafadhali, asifike gatini."

Alitokeza barabarani pawatila ikiwa hatua thelathini kutoka kwake. Alisimama katikati na kutandaza mikono.

Mzee Thoeun alivuta breki. Tela lililojaa machujio na majani makavu likayumba. "Kumbe mtu!" alifoka. "Mimi nilidhani ni nyati katoka shambani! Unataka nikukanyage siku ya wahenga, niwe na kesi pande zote mbili, kwa polisi na kwa wahenga?"

"Babu, rudi. Usiyapeleke hayo machujio."

"Nirudi? Mashua inangoja. Mwalimu mkuu ananipigia tangu alfajiri. Yana alama zote, nimeyapakia mwenyewe."

"Alama nimepiga mimi, Babu. Nimezipiga za uongo."

Mzee alizima injini. Alimtazama msichana yule kuanzia matope ya kichwani hadi miguu mitupu, kisha akatoa simu ndogo mfukoni.

"Mimi ni dereva tu," alisema taratibu. "Sigeuzi mzigo bila neno la mwenye mzigo. Haya, mwambie Shangazi yako."

Voleak aliitazama simu. Kuikimbilia pawatila kulikuwa kazi nyepesi kuliko hii. Mzee alishabonyeza namba, na sauti ya Shangazi Sarom ilikuwa ikisema, "Haloo? Mzee Thoeun? Umefika?"

"Ni mimi, Shangazi. Voleak." Aliishika simu kwa mikono miwili. "Machujio ya tanuri la saba yanavuja. Nilipima matatu, yote yakapita mstari mwekundu. Mengine sikuyapima. Nikayapiga vema yote. Chekecheke lilikuwa na tundu, Shangazi, na mimi niliona. Niliona tangu mwanzo."

Jogoo waliwika huko nyumbani kwa Shangazi.

"Rudini," Shangazi alisema, akakata.

Walipofika, Shangazi Sarom alikuwa langoni amevaa nguo nyeupe za pagodani. Makara alikuwa pembeni yake, ametumiwa ujumbe, na mara hii hakuwa na mzaha wowote. Voleak alikutanisha viganja na kuinama, lakini Shangazi alimpita akaenda kwenye tela.

"Teremsheni yote."

"Yenye namba saba ni kumi na mawili tu, Shangazi," Voleak alisema. "Naweza kuyachagua."

"Nimesema yote arobaini. Jana chaki yako ilikuwa na maana. Leo nikiona alama hii ya bluu, sijui inaniambia nini."

Maneno hayo yalimuuma Voleak kuliko kama angepigwa. Waliteremsha yote. Yalikuwa bado na unyevu wa jana, wakayalowesha tena, wakayajaza, wakangoja saa nzima. Kengele ya pagoda ililia, watawa wakala, watu wakarudi makwao na mabakuli matupu. Shangazi Sarom hakwenda.

Machujio ishirini na manane yalikuwa salama. Katika kumi na mawili ya tanuri la saba, tisa yalipita mstari mwekundu.

Shangazi alimpa Voleak nyundo. "Wewe."

Akayavunja moja baada ya jingine. Alipofika la tisa, alilia waziwazi, vumbi la udongo likaganda mashavuni. Makara alichukua ufagio na kuzoa vipande.

Mzee Thoeun aliondoka na machujio thelathini na moja, na barua ya Shangazi ya kuomba radhi. Ndipo Shangazi Sarom alipokaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumwita Voleak aketi karibu naye.

"Sitapeleka jina lako chuoni muhula huu. Unaelewa kwa nini?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Waya huchakaa, mwanangu. Chekecheke likitoboka si dhambi ya mtu. Ungeniambia siku ile, tungeshona tundu kwa dakika tano na ungewahi mpira wako. Kosa lako lilianza uliponyamaza, nalo lilikua kila saa uliyoendelea kunyamaza, hadi likakaribia kumfikia mtoto mwenye kikombe. Wazee walisema, mficha maradhi, kifo humuumbua. Na kifo hicho kingekuwa cha mtoto wa mwenzio." Akamfuta matope usoni kwa ncha ya krama yake. "Lakini leo ulijitangaza mwenyewe, na wala hukungoja kukamatwa. Kwa hiyo Alhamisi utakuja. Hutashika chaki. Utashika chekecheke, hadi nikuamini."

Alhamisi Voleak alifika kabla ya lango kufunguliwa, akiwa na waya mwembamba aliouomba kwa fundi baiskeli. Alilishusha chekecheke ukutani na kulishona, fundo kwa fundo, hata chembe kubwa za makapi hazikupata pa kupenyea. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kazi alilinyanyua juu kulielekeza kwenye jua na kutafuta tundu.

Muhula ulipokaribia kwisha, machujio tisa ya kufidia shule ya Prek Romdeng yalitoka tanurini. Shangazi Sarom aliyapima nane. La tisa alimsogezea Voleak, akaweka kijiti na kipande cha chaki ya bluu mbele yake, kisha akageuka na kuondoka bila kutazama nyuma.

Voleak alingoja saa nzima. Alipima mara tatu. Kisha, kwa mkono uliotulia, akapiga vema.