Namba Isiyoitwa

Hivi wewe, mwanamke akikwambia tumbo linamuuma, unamwamini?

Usijibu haraka. Daktari Kuo Hsiu-man angejibu haraka, tena kwa chati. Miaka kumi na tisa, katika hospitali moja ya Tainan, alikuwa akichunguza maradhi yale ya nyama ya ndani ya mji wa mimba kuota mahali pasipo pake, na kila alipopewa kipaza sauti alisema maneno yaleyale: "Tuwasikilize wanawake." Watu walipiga makofi. Kisha alirudi kwenye nyumba yake ya ghorofa ya saba, akachemsha tambi za mtu mmoja, akala amesimama karibu na sinki, maana akiketi mezani alikiona kiti cha pili.

Lililomwingilia lilianza kama harufu.

Kila siku baada ya chakula cha mchana maabara ilizima taa, watu wakalaza vichwa kwenye mito midogo juu ya meza zao na kulala saa nzima, wakubwa kwa wadogo. Hsiu-man hakuwa na kipaji hicho. Alikaa macho, akisikiliza wenzake wakikoroma, na Jumatatu moja, katika giza hilo la mchana, akasikia harufu ya tangawizi iliyochemshwa na sukari nyeusi, kinywaji ambacho mama humchemshia binti yake siku zake zinapomtesa. Ilitoka kwenye friza la sampuli. Friza lile lilikuwa na baridi ya kuvunja chupa. Halikuwa na sababu ya kunukia kitu cha moto.

"Chia-ling," alinong'ona. "Umemwaga kitu?"

Muuguzi Tu Chia-ling aliinua uso wenye alama za mto. "Kitu gani, Mwalimu? Tangawizi? Mimi siku zangu zimepotea njia tangu nijifungue." Akanusa. Akaacha kucheka. Aliinuka, akachukua pakiti ya kijani ya vitafunwa vya mahindi iliyokaa juu ya friza, ile ambayo kila maabara huiwekea mashine yake kama sadaka ili isiharibike, akasoma nyuma yake. "Si ndiyo hii! Imepitwa na tarehe wiki mbili. Mashine lazima inune."

Chia-ling ana shahada mbili. Akaweka pakiti mpya kwa mikono miwili, akaliinamia friza. Hsiu-man alikuwa anatafuta neno la kumkejeli nalo pale simu ilipolia.

Ilikuwa laini ya wagonjwa wa utafiti. Mgonjwa hupiga, mashine hupokea kwa spika, naye hutaja namba yake na kipimo cha maumivu, sifuri mpaka kumi.

"Namba arobaini na nne," ilisema sauti ya mwanamke mtu mzima, taratibu, kama anayeogopa kusumbua. "Leo ni saba."

Chia-ling alijiziba mdomo. Kwa lugha yao nne na kifo hutamkwa karibu sawa. Hospitali haina ghorofa ya nne, haina kitanda cha nne, na orodha ya utafiti iliruka nne, ikaruka kumi na nne, ikaruka hasa arobaini na nne, ambayo ni kifo juu ya kifo. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini haipo. Nani aulize?

"Ni yule binti," Chia-ling alisema. "Yule mwenye gundi mikononi, anayekuja dirishani kila Ijumaa kudai majibu ya arobaini na nne. Nimeshamwambia kadi yake imekosewa. Sisi hatuna namba hiyo. Si ndiyo, Mwalimu?"

"Hatuna," alisema Hsiu-man.

Sauti ile haikuwa ya binti.

Jumanne sauti ilisema nane. Hsiu-man alihisi kitu chini ya kitovu, kama uzi unaovutwa na mtu asiye na haraka. Jumatano ilisema tisa, na uzi ukawa waya, na yeye, aliyewauliza mamia ya wanawake kama ni maumivu ya kuchoma au ya kukaza, aligundua kwamba swali lake halikuwa na maana yoyote. Akajikokota katikati ya wale waliolala, akishika kiti hiki na meza ile, harufu ya tangawizi ikizidi hadi ikamwasha macho, akafungua friza na kuvuta sanduku la tano na kuhesabu kwa kidole chenye glavu, arobaini na mbili, arobaini na tatu, kisha tundu lile ambalo mwenyewe alikuwa amekitoa kichupa chake na kukitupa, na ndani ya tundu hilo kilikuwemo kichupa, hakina barafu, hakina lebo, na alipokishika kilikuwa na joto, joto la mkono wa mtu aliyekishikilia muda mrefu akisubiri wa kumpa.

Chia-ling alipoamka alimkuta sakafuni, amekumbatia magoti.

Alhamisi asubuhi alimpakia kwenye pikipiki yake mpaka kichochoroni nyuma ya hekalu, kwa Shangazi Ong, mganga anayekusanya hofu zilizowaingia watu. Shangazi alijaza kikombe mchele, akakifunga ndani ya koti jeupe la Hsiu-man, akakizungusha juu ya kichwa chake na moshi wa udi.

"Una mume?"

"Sina."

"Watoto? Mama? Paka?"

"Sina."

"Basi mgeni wako ana nafasi ya kutosha."

Alifungua koti. Mchele uliokuwa umejaa pomoni ulikuwa umedidimia katikati, shimo la mviringo, kama mto wa kukalia ambao mtu ameinuka sasa hivi.

"Mfukuze, Shangazi," Hsiu-man alinong'ona. "Nitakupa chochote."

"Wewe ndiye daktari, mimi nisiyesoma ndiye nikueleze? Nafukuza wanaofuata watu. Huyu hakufuati. Ameketi. Yuko kwenye foleni, zamu yake imerukwa. Nimfukuze mtu aliyeketi kwa adabu, mimi nina wazimu?" Alimimina mchele kwenye mfuko. "Amefika ngapi?"

"Tisa."

"Mwite kabla hajamaliza kuhesabu."

Nje, Chia-ling alikuwa anavaa helmeti. "Mwalimu," alisema bila kumtazama. "Nilipokuwa likizo ya uzazi. Tulikuwa nayo namba ile?"

Hsiu-man alipanda nyuma ya pikipiki.

Walikuwa nayo. Mpiga chapa wa nje alichapa kadi zote bila kuruka, na Hsiu-man alipokuwa peke yake dirishani alitokea Hsieh Pao-chu, fundi wa nyumba za karatasi za kuchomewa wafu. Hsiu-man alitaka kuitupa kadi ile. Pao-chu akaidaka. "Nipe hiyohiyo, Dokta! Kifo ndiye anayenilipia kodi." Alicheka mpaka akashika tumbo. Kila mwezi alimletea Hsiu-man chupa ya chai ya tangawizi. "Wewe nani anakuchemshia?" aliuliza. Hakuna mwingine aliyewahi kumuuliza hivyo.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, ukumbi wa kliniki ulikuwa umejaa. Simu ikalia mfukoni kwa Hsiu-man, simu yake mwenyewe, ambayo hailii. "Namba arobaini na nne," sauti ilisema. "Leo ni..." Ikanyamaza. Alisikia pumzi tu, ya mtu anayemwonea haya anayemsumbua.

Alishika ukingo wa dirisha la mapokezi, maumivu yakimkunja, akavuta kipaza sauti cha kuitia wagonjwa.

"Namba arobaini na nne."

Ukumbi mzima uliganda. Bibi mmoja alimziba mjukuu wake masikio. "Mwanamke huyu amelewa?" mtu alifoka.

"Arobaini na nne," Hsiu-man alirudia. "Hsieh Pao-chu."

Safu ya nyuma binti aliinuka, mikono ina gundi iliyokauka, ameshika kadi. Viti vya ukumbi ule hujikunja vyenyewe mtu akisimama. Kiti chake kilijikunja, pa! Na kando yake, palipokuwa hapana mtu, cha pili nacho kikajikunja.

Binti alikuja mpaka dirishani. Harufu ya tangawizi ilikuja naye, mbele yake kidogo.

"Mmesema hamna namba hii," alisema. "Miezi mitano mnaniambia hamna. Mama amekufa ameshika kadi mkononi, akisema Dokta atapiga simu."

Chia-ling alimgeukia mkubwa wake. "Mwalimu?"

Kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa. Hsiu-man alikiona kitaa chake chekundu, na hakukizima.

"Alikuwepo," alisema, na sauti yake ikatoka kwenye kila kona ya ukumbi. "Aliniambia saba, nikamwambia mwili unaizoea dawa tunayoijaribu. Aliniambia nane, nikamwambia avumilie. Tarehe tisa Machi niliona saratani kwenye kipande cha nyama yake, kwa macho yangu, kwenye hadubini. Ningeisema, utafiti ungesimamishwa. Nikafuta mstari wake kwenye orodha, kwa sababu nilijua hakuna mtu katika hospitali hii angeuliza arobaini na nne iko wapi. Nilikuwa na namba yake ya simu. Sikumpigia."