Kishimo cha Tatu

Mambo haya yalimpata jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mtu asiyejua kutia chumvi katika maneno. Aliyasimulia mchana, ameketi, mikono juu ya magoti, na kwa mpango huo huo yanaandikwa hapa.

Ilikuwa Jumatatu kama Jumatatu nyingine. Alifika maabara saa mbili kasoro robo, akavaa koti jeupe, akanawa mikono, akafungua daftari la sampuli. Kazi yake ilikuwa kupima mzio unaoletwa na vitu vya kazini. Waoka mikate waliletwa kwa ajili ya vumbi la unga, wauguzi kwa ajili ya glovu za mpira, maseremala kwa ajili ya unga wa mbao, na wapiga rangi kwa ajili ya hadina, yaani ile dawa inayochanganywa na rangi ili ikauke na kuwa ngumu. Mtu alitolewa damu, damu ikazungushwa kwenye mashine mpaka maji yake yakajitenga. Maji hayo ndiyo yaliyopimwa, na yaliyobaki yakawekwa kwenye friza kwa mwaka mzima.

Sahani ya kupimia ni ya plastiki, haizidi kiganja kwa ukubwa, nayo ina vishimo tisini na sita. Kishimo kikigeuka manjano, mwenye damu ana mzio. Kikibaki cheupe, hana. Lakini vishimo vitatu vya mwanzo si vya wagonjwa. Cha kwanza hutiwa maji matupu. Cha pili hutiwa damu ya mtu anayejulikana kuwa na mzio. Cha tatu hutiwa damu ya mtu mzima wa afya, asiyedhuriwa na chochote. Hivyo vitatu visipokaa sawa, sahani nzima ni ya kutupwa.

Damu ya kishimo cha tatu ilikuwa yake mwenyewe. Kwa miaka kumi na mmoja aliitoa kila baada ya miezi sita, ikagawanywa katika vichupa na kupangwa kwenye friza, na kwa miaka kumi na mmoja kishimo cha tatu kilikuwa cheupe. Ndiyo maana wenzake walimwita Damu Safi.

"Wewe hata mbu akikuuma anapona," mkuu wa maabara alizoea kumtania.

Mkuu huyo ndiye aliyemfundisha kazi. Alimtoa kwenye kuosha vyombo vya kioo, akamweka kwenye mashine, na siku ya ndoa yake alikaa mahali pa baba, kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kufariki. Alimwita mwanangu.

Damu Safi alikuwa na mdogo wake mmoja tu, mpiga rangi katika kiwanda cha samani. Walimwita Brashi, ingawa hakushika brashi hata siku moja. Alipiga rangi kwa bomba la upepo. Miezi minne kabla ya Jumatatu hiyo, Brashi alikuja maabara na kifua kinachopiga filimbi. Kila akivuta pumzi, filimbi. Kila akiitoa, filimbi nyingine, ya chini zaidi.

"Kaka, huku ndani naona nimemeza birika," alisema akicheka, kisha akakohoa mpaka akashika meza.

Mkuu wa maabara alimtoa damu kwa mkono wake. "Ya mdogo wako nitaiandaa mimi," alimwambia Damu Safi, "mtu asije akasema umependelea. Wewe utasoma tu."

Damu Safi alisoma. Kishimo cha Brashi kilikuwa cheupe pe. Akatia sahihi.

"Si hadina," alimwambia mdogo wake. "Rudi kazini, utapata dawa ya kikohozi."

"Wewe ndiye uliyesoma katika nyumba yetu," Brashi alijibu. "Ukisema niko salama, basi niko salama."

Alirudi kazini. Wiki ya tisa walimkuta amekaa chini katika chumba cha rangi, ameegemea ukuta, pumzi hana tena, bomba bado mkononi. Kiwanda kilitoa karatasi yenye sahihi ya kaka yake: mtu huyu hakudhuriwa na kitu cha hapa. Mke wa Brashi aliishika karatasi ile kwa vidole viwili, kama kitu kilichooza. Wapiga rangi wengine watatu waliendelea kuingia chumba kile kile, kwa nguvu ya karatasi ile ile.

Sasa turudi kwenye Jumatatu. Vichupa vyake vilivyofunguliwa vilikuwa vimekwisha, akatoa kipya, cha mwisho nyuma ya boksi. Akaandaa sahani. Akasubiri. Saa nne na nusu akaiweka kwenye mwanga.

Kishimo cha tatu kilikuwa cha manjano.

Alidhani ameteleza mkono. Akaanza upya, sahani mpya, pipeti mpya, kile kimrija cha kudondoshea. Saa sita kamili akatazama tena. Manjano, tena manjano iliyokolea. Akapeleleza ni kitu gani hasa kilichoigeuza damu ile. Si unga, si mpira, si mbao.

Ni hadina.

Hapo ndipo alipoisikia. Nyuma yake, upande wa friza. Filimbi. Kisha filimbi nyingine, ya chini zaidi.

Aligeuka. Jua lilikuwa limejaa dirishani. Hapakuwa na mtu.

Alimfuata mkuu ofisini, akamweleza kwamba damu yake imegeuka. Mkuu hakuinua macho.

"Mwaga," alinong'ona. "Toa nyingine."

"Hutaki kuiona sahani?"

"Mwaga, mwanangu."

Hakuuliza imegeuka kwa kitu gani. Mtu aliyemfundisha kuuliza kila kitu mara mbili hakuuliza chochote. Damu Safi alirudi mezani, akitaka kujua damu ile ni ya nani hasa.

Maji ya damu hayafichi kundi la mwenyewe. Yeye alikuwa kundi O, na maji ya damu ya O hugandisha chembe nyekundu za damu ya A na za B pia. Brashi alikuwa A. Maji yake yangegandisha B peke yake. Alitoa kwenye friza kichupa namba 47, cha mdogo wake, akakiweka kando ya kile kilichoandikwa jina lake. Akadondosha chembe juu ya vigae viwili vya kioo, akavitikisa taratibu.

Kichupa cha Brashi kiligandisha zote mbili.

Kichupa chake kiligandisha B tu.

Akazitazama lebo. Saba ya kwenye 47 ilikuwa na kamstari katikati. Katika maabara ile, ni mtu mmoja tu aliyeandika saba hivyo.

Basi alikuwa amesoma damu yake mwenyewe. Ile damu safi, ile aliyotaniwa kwayo na kuionea fahari, ndiyo iliyomrudisha mdogo wake kwenye chumba cha rangi. Na kinywa kilichomwambia rudi kilikuwa chake.

Alirudi ofisini na vichupa viwili kiganjani, akavilaza mezani. Mkuu alivigeuza kwa kidole mpaka lebo zikamwelekea.

"Wenye kiwanda walisema wangetunyima kazi zao zote," alisema. "Tungefunga. Wewe na wenzako mngekwenda wapi?"

"Ungempa mtu mwingine asome."

"Mwingine asingeaminika. Wewe uliaminika." Alivua miwani. "Nilihitaji damu isiyogeuka kabisa. Ilikuwa moja tu."

"Alikuwa mdogo wangu, mzee."

"Najua. Nilikaa mahali pa baba yenu."

Kisha mkuu akasema jambo ambalo Damu Safi hakulielewa siku ile.

"Nilibadili lebo mbili tu. Nilipanga kukitoa hicho kichupa chenye jina lako baadaye. Nimekwenda mara tatu. Boksi nililiona. Vichupa vyote niliviona. Hicho, mara zote tatu, sikukiona."

Filimbi ikalia.

Ililia karibu, ndani ya chumba kile kile. Damu Safi alizuia pumzi yake ili ajue. Haikuwa yake. Akamtazama mkuu. Mkuu alikuwa amefunga mdomo, macho yamemtoka, mkono umeshika koo. Mtu ambaye katika maisha yake hakuwahi kuingia chumba cha rangi.

Harufu ya rangi mbichi ilikuwa imejaa ofisini.

Damu Safi alimfungulia dirisha. Akamwita dereva, akasaidia kumbeba. Kisha akaketi, akaandika barua kwa mkono wake, ukurasa mmoja na nusu: nani alitoa damu, nani alibadili lebo, nani alisoma, nani alikufa. Hakujiondoa. Kabla ya saa kumi barua ilikuwa mikononi mwa wakaguzi wa kazi, na kesho yake wapiga rangi watatu walitolewa chumbani. Mkuu hakurudi maabara tena. Wanasema analala ameketi.

Nakala ya barua hiyo alimpelekea pia shemeji yake, mjane wa Brashi. Aliisoma amesimama mlangoni, hakumkaribisha.

"Nimeisoma, shemeji," alisema. "Lakini mume wangu hakumwamini mzee yule. Alikuamini wewe."

Akafunga mlango polepole, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Wakaguzi walivichukua vichupa vyote viwili, wakavitia muhuri. Damu Safi alijitoa damu mpya kwa ajili ya kishimo cha tatu, sindano ikitoka mkononi mwake mwenyewe, akaandika lebo mwenyewe, akaandaa mwenyewe. Kishimo kiligeuka manjano. Kwa hadina. Alirudia siku tatu. Tangu hapo damu ya kishimo cha tatu inatolewa na muuguzi mmoja wa jengo la pili, na lile jina la utani hakuna anayelitaja.

Angeweza kulibeba hilo. Lakini Jumatatu iliyofuata alifungua friza saa mbili kasoro robo, koti limefungwa vifungo vyote, ili ahesabu vichupa. Nyuma ya boksi, mahali pale pale pa mwisho, palikuwa na kimoja kilichozidi. Hakikuwa na lebo wala muhuri. Vingine vyote vilikuwa vimeganda na kuota barafu.

Alikichukua. Kilikuwa na uvuguvugu, kama kimetoka mkononi mwa mtu sasa hivi.

Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Juu ya maji ya damu, kwenye kioo kikavu, kulikuwa na ukungu mdogo, kama wa pumzi. Ulikuja, ukatanda. Ukaondoka. Ukaja tena.