Ukuta Uliokuwa Ukilia

Kila asubuhi Mama Kidoti alianza siku kwa kufuta ukuta. Wenzake hufagia, wengine huosha vyombo. Yeye alichukua kitambaa kikavu, akaingia chumba cha nyuma na kufuta ukuta wa upande wa ua, kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno chake. Kitambaa kilitoka kimelowa na kimejaa weusi. Kesho yake madoa yalikuwa yamerudi palepale, kana kwamba hakuna mtu aliyejisumbua.

Mama Kidoti alikuwa fundi cherehani. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na waliishi humo watu watatu: yeye, binti yake Kidoti aliyekuwa darasa la pili, na Bibi, mama wa marehemu mumewe. Bibi na Kidoti walilala chumba cha nyuma. Chumba hicho kilinuka kama nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni. Mgeni akija, mlango wake ulifungwa haraka. Wateja walipimiwa nguo sebuleni, katikati ya viti, meza na cherehani, na mtu mnene akitaka kupita ilibidi mwingine atoke nje kwanza.

Mumewe, Baba Kidoti, alikuwa dereva wa lori. Nyumba hiyo aliipenda kupita kiasi. Siku za mapumziko hakujua kukaa, alishika mwiko. Hakujifunza ujenzi popote, ila mikono yake haikukubali kutulia. Mwaka wake wa mwisho alimwaga zege ua mzima, mpaka kwenye ukuta wa nyumba, ili mama yake asikanyage matope tena. Kisha akaziba matundu ya hewa yaliyokuwa juu ya madirisha, kwa sababu Bibi alilalamika vumbi. Majirani walimsifu sana, naye alipita pale uani kifua mbele.

Halafu akafariki ghafla, akiwa safarini. Walimzika. Bibi hakutoa chozi hata moja. Watu walinong'ona, wakasema huyu mama ana moyo wa jiwe. Si kweli. Alikuwa na donge kooni ambalo halikupanda wala kushuka, na mtu wa namna hiyo anaumia kuliko anayepiga mayowe.

Mvua zilipoanza, ukuta wa chumba chake ukatoka maji. Bibi aliushika kwa kiganja, akakitazama kiganja chake muda mrefu.

"Unamlilia," alisema. "Aliupaka plasta kwa mikono yake mwenyewe. Unamlilia mwanangu."

Mama Kidoti hakuyaamini maneno hayo, lakini hakuyapinga. Mfiwa atamwambiaje mfiwa mwenzake kwamba hayo ni maji tu? Akanyamaza, na neno likaota mizizi. Siku ya mvua Kidoti alirudi kutoka shuleni akauliza, "Bibi, leo ukuta unalia?" Bibi alijibu kwamba leo unalia sana, na wote wawili wakakaa kitandani kuutazama. Nyumba nzima ikawa inaishi na msiba ukutani.

Ndipo Kidoti akaanza kukohoa.

Mwanzoni kilikuwa kikohozi cha kawaida. Baadaye kifua kilianza kumbana. Akivuta pumzi ulisikia mluzi mwembamba, na mabega yake yalipanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka mbio. Mama yake alimpeleka zahanati. Dawa ilimpa nafuu, akarudi kulala chumbani mwake, na baada ya muda mfupi mluzi ulikuwa umerudi.

Mama Kidoti aliamua kupambana na ukuta. Alinunua rangi ya mafuta, ile inayong'aa, kwa kuwa muuzaji alimhakikishia kwamba haipitishi maji. Chumba kikapendeza kweli. Bibi alinuna, akasema wamemziba ukuta mdomo. Haikuchukua muda, rangi ikatunga malengelenge, ikabanduka, na chini yake ukungu ulikuwa mweusi kuliko wa mwanzo. Akapaka tena. Wengi wetu tuko hivyo: tukiona ubaya tunaupaka rangi, ukichungulia tunaongeza mkono wa pili. Rangi yenyewe haina kosa lolote. Imetwishwa tu kazi isiyo yake.

Safari iliyofuata ya zahanati ilikuwa mbaya. Kidoti alibebwa, midomo imepauka. Nesi alimhudumia mpaka akapumua, kisha akamgeukia mama.

"Dawa nitampa," alisema. "Ila niambie, mtoto huyu analala wapi?"

Mama Kidoti alieleza. Nesi alitikisa kichwa.

"Ukungu ule anauvuta kila usiku. Ukimrudisha mle, ataletwa tena, na kila safari hali itakuwa nzito zaidi. Siku moja mtachelewa, mama. Nakwambia wazi ili usije ukasema hukuambiwa."

Siku hiyo Mama Kidoti alimhamishia mtoto chumbani kwake. Haikufaa kitu. Mtoto alizoea mgongo wa Bibi, akiamka alijipenyeza kurudi kule. Naye Bibi alikataa katakata kutoka. Alisema akitoka, ukuta utabaki kumlilia mwanawe peke yake. Mama Kidoti alijikuta kati: mbele mtoto asiyepumua, nyuma mkwe asiyeambilika. Alishona nguo za harusi za watu huku machozi yakimlenga.

Jirani yao wa pili alikuwa mama aliyefundisha ujenzi katika chuo cha ufundi. Mtaani walimwita Mwalimu. Alikuja kupunguziwa gauni. Akiwa amesimama sebuleni na pini zimemzunguka kiunoni, akavuta pumzi mara mbili, akauliza harufu ile inatoka wapi. Mama Kidoti alianza kuzungusha maneno, kisha akachoka kuficha. Akamfungulia mlango wa nyuma.

Bibi alikuwa amekaa kitandani. Mwalimu alimwamkia, akampa pole ya msiba. Bibi aliitikia, lakini mkono alishauweka ukutani.

"Usiuguse," alisema.

"Siugusi, Bibi," Mwalimu alijibu. "Nataka kuuliza tu. Naomba tuuache useme wenyewe."

Neno hilo lilimwingia Bibi. Kuuliza hakukumtisha. "Uulizeni," alisema. "Utawajibu."

Mwalimu aliomba vipande viwili vya nailoni isiyopitisha maji, inayoonyesha. Kipande kimoja alikibandika chini ya ukuta, karibu na sakafu. Kingine alikibandika juu, karibu na dari. Mahali pa kubandika alipakausha kwanza, kisha akaziba kingo zote kwa utepe wa gundi ili hewa isipenye. Akaomba visiguswe, akaenda zake na gauni lake.

Aliporudi baada ya siku kadhaa, aliwaita wote watatu watazame. Kipande cha chini kilikuwa kimetunga maji kwa nyuma, upande unaoegemea ukuta. Kipande cha juu kilikuwa kikavu kwa nyuma, ila usoni, upande wa chumbani, kilikuwa na matone.

Mwalimu alieleza polepole. Maji ya nyuma ya nailoni yametoka ndani ya ukuta. Maji ya usoni yametoka kwenye hewa ya chumba: pumzi za wanaolala, nguo zinazoanikwa ndani, mvuke wa sufuria. Matundu ya hewa yamezibwa, basi mvuke hauna pa kutokea, unageuka matone ukutani. Ukungu unapenda mahali kama hapo.

"Na yale ya ndani ya ukuta?" Mama Kidoti aliuliza.

Mwalimu alimtoa nje mpaka uani. Alichutama kando ya ukuta, akamwonyesha. Nyumba iliyojengwa vizuri, alisema, juu ya msingi wake hulazwa karatasi nzito ya nailoni kabla ya matofali kupanda. Kazi yake ni kuzuia unyevu wa ardhi usipande ukutani. Nyumba hii inayo. Lakini zege la ua lilimwagwa juu kuliko karatasi hiyo, tena limelalia upande wa nyumba. Mvua ikinyesha, maji yote yanakimbilia ukutani na kuingia juu ya kizuizi. Ukuta hauna la kufanya ila kuyanywa.

Mama Kidoti alilitazama zege. Pembeni kulikuwa na alama ya kisigino cha mumewe, alipokanyaga kabla halijakauka.

"Kwa hiyo ni yeye," alisema. "Kazi yake ndiyo inayomkaba mtoto wake."

"Alitaka mama yake asikanyage matope," Mwalimu alisema. "Hakupata mtu wa kumwambia aache nafasi kando ya ukuta. Usimtwike marehemu zaidi ya hapo."

Kumwambia Bibi ilikuwa kazi ya Mama Kidoti, na hapakuwa na wa kumsaidia. Aliingia, akakaa sakafuni karibu na miguu ya mkwe wake. Alimweleza yote, hakuacha la zege wala la matundu. Bibi alisikiliza akiwa amegeukia ukuta.

"Mnataka kuivunja kazi ya mwanangu," alisema mwishowe. "Yeye mwenyewe ameshaondoka, sasa mnaiondoa na mikono yake."

"Mama, ukuta haulii. Unakunywa maji ya mvua. Na Kidoti anauvuta ukungu wake."

Sebuleni Kidoti alikohoa, akasita, akakohoa tena, na ule mluzi ukafuata. Wote wawili waliusikia. Bibi aliushusha mkono wake kutoka ukutani.

"Mmoja nimeshindwa hata kumlilia," alisema. "Wa pili sitaki kumzika. Mtafute fundi aje. Ila asipige nyundo mbele yangu."

Kazi ilianza mvua zilipokatika. Kwanza Mama Kidoti alimpeleka mtoto kwa Mwalimu akae huko. Fundi alikata zege kando ya ukuta, upana wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, akachimba mpaka chini ya ile karatasi, akajaza kokoto ili maji yazame yasikae. Sehemu iliyobaki ya ua aliilaza upya, maji yakimbie mbali na nyumba. Ukingoni mwa paa akafunga mfereji wa bati. Kipande chenye alama ya kisigino Mama Kidoti aliomba kiachwe, na kwa bahati kilikuwa mbali na ukuta.

Ndani, fundi alijifunga kitambaa puani, akaulowesha ukungu ili usipeperuke, akabandua rangi na plasta yote iliyooza. Matofali yakabaki uchi. Mama Kidoti alitaka wapige plasta kesho yake, maana chumba kilitisha kukitazama. Mwalimu alikataa. Alisema ukuta ukivishwa ukiwa bado umelowa, watakuwa wamerudi kwenye rangi ya mafuta. Uachwe ukauke wenyewe, madirisha wazi, hata kama ni wiki nyingi. Kwa hiyo wakasubiri. Bibi alilala sebuleni chini ya meza ya cherehani. Siku zile nyumba ilikuwa na huzuni kuliko siku za msiba.

Matundu ya hewa ndiyo yalikuwa ya mwisho kufunguliwa. Katika tundu moja, nyuma ya saruji, fundi alivuta kitambaa. Kilikuwa kipande cha shati la kazi la Baba Kidoti. Alikuwa amekisokomeza mle kabla ya kuziba, asipoteze saruji. Fundi alitaka kukitupa. Mama Kidoti alikichukua, akakikung'uta, akampelekea Bibi. Bibi alikiweka mapajani.

Ukuta ulipokauka kabisa ulipigwa plasta mpya, ukapakwa chokaa, inayouacha ukuta upumue. Matundu yakafungwa wavu, hewa ipite na mbu wabaki nje. Kitanda kilisogezwa mbali na ukuta. Nguo zikaanikwa uani, na sufuria zikafunikwa.

Mchana cherehani ilihamia chumba cha nyuma, penye mwanga wa dirisha na mlango wa kufunga mteja anapopimwa. Sebule ikapata nafasi ya kupitisha hata watu wanene wawili. Shemeji wa Mama Kidoti, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akishauri nyumba hiyo iuzwe kwa bei yoyote kabla haijaoza, alikuja akatazama, akaanza kusema "nyumba yetu". Mama Kidoti alicheka kidogo, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Kidoti alirudi kulala na Bibi. Zahanati aliendelea kwenda kwa tarehe za kawaida, lakini hakubebwa tena.

Mvua zikarudi. Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, nzito, wote wakiwa ndani. Maji yalipita uani yakaenda zake. Kidoti alimtazama Bibi, akauliza kama alivyozoea, "Bibi, leo ukuta unalia?"

Bibi aliinuka. Aliweka kiganja ukutani, chini, kisha juu. Akakitazama kiganja chake. Kilikuwa kikavu.

"Umenyamaza," alisema.

Akakaa kitandani, akachukua kile kipande cha shati chini ya mto, akakiweka usoni. Mabega yake yakaanza kutikisika. Sauti iliyotoka hawakuwahi kuisikia, wala siku ya mazishi.

Kidoti alishtuka, akamkimbilia mama yake sebuleni. Alikuwa amekimbia, lakini pumzi yake haikuwa na mluzi.

"Mama, Bibi ana nini?"

Mama Kidoti aliweka chini kitambaa alichokuwa akikikata, akamshika mkono.

"Anamlilia baba yako," alisema. "Njoo tukae naye."