Sauti Iliyobaki Ndani ya Mtambo

Kuna jambo moja katika habari hii ambalo sijalipatia jibu, na wanaoijua kazi ya mitambo kuliko mimi nao walishindwa. Kebo inayouletea mtambo simu ilikuwa imechomolewa. Ililala juu ya meza mbele ya watu wawili, ncha yake haigusi kitu. Hata hivyo, kwenye skrini, hesabu ya pakiti zinazoingia iliendelea kupanda, moja baada ya nyingine, kama hatua za mtu asiye na haraka.

Watu hao walikuwa Taratibu na Dada Maswali. Taratibu aliitwa hivyo kwa kuwa, kama alivyosema mwenzake, akianza chafya asubuhi huimaliza adhuhuri. Waliandika programu ya mitambo inayopitisha simu za wanaoita gari la wagonjwa. Sauti ya mpigaji hukatwa vipande vidogo, ndizo pakiti. Kila pakiti ikifika hupewa nafasi katika memori ya mtambo. Ikishapita, nafasi hurudishwa. Foleni ya pakiti zinazosubiri ikijaa, zinazofuata huangushwa.

Desturi yao ilikuwa kupitisha simu za ofisi yao wenyewe kwenye mtambo wa majaribio. Mpishi asiyeonja chungu chake, alisema Dada Maswali, mwogope.

Alasiri moja ya mvua Taratibu aliujaza mtambo ule pakiti za uongo, makusudi, aone utahimili kiasi gani. Saa tisa na dakika kumi simu ya mezani kwake iliita. Aliinua akakuta kimya. Akacheka, akamwambia mwenzake kwamba leo mtambo umezidiwa hata haloo imeushinda, akaiweka chini.

Aliyepiga alikuwa binti yake, mtoto wake wa pekee, akiwa kando ya barabara baada ya kugongwa na gari. Namba ya simu ya mezani kwa baba ndiyo aliyokuwa nayo kichwani tangu shule ya msingi. Walipomkuta, simu ilikuwa bado mkononi.

Wiki moja baada ya mazishi, memori ya mtambo ilianza kupungua. Ilipungua kila siku saa tisa na dakika kumi. Dada Maswali alipekua programu siku tatu hadi akalipata kosa: pale foleni inapojaa, programu iliangusha pakiti bila kurudisha nafasi yake. Pakiti ilikataliwa, lakini ilishikiliwa. Mistari ile ilikuwa ya mkono wa Taratibu. Dada Maswali alirekebisha, akatoka kwenda kunywa maji. Kesho yake memori ikapungua tena. Ndipo walipochomoa kebo.

Na kulikuwa na harufu. Chumba kilinuka nguo zilizonyeshewa, ingawa jua lilikuwa linachoma madirishani.

Dada Maswali alizikusanya pakiti zilizoshikiliwa, akazigeuza kuwa sauti. Kwanza zilikuja pumzi. Kisha: "Baba, unanisikia?"

Aliivua spika ya masikioni kama iliyomchoma. Taratibu akaichukua, akaivaa, na tangu siku hiyo hakuiacha.

Simu ile ilidumu sekunde arobaini, karatasi za kampuni ya simu zilionyesha hivyo. Lakini kilichokuwa ndani ya mtambo kilifika saa moja, kisha saa nne, na kila alasiri kilirefuka, na Taratibu alikaa pale akikisikiliza, mashavu yakimbonyea, akinong'ona na kunyamaza kama anayejibiwa, na siku mwenzake alipoinama karibu naye alisikia kutoka spika ile sauti changa ikimwambia baba yake asubiri, asiondoke, bado haijamaliza, na chini ya sauti hiyo, mbali, kitu kingine kikivuta pumzi pamoja nayo, kizito, kama mnyama aliyelala nyuma ya mlango. Walijaribu kuinakili. Nakala zote zilitoa mvumo mtupu.

Kisha waliopokea simu za gari la wagonjwa walianza kulalamika. Mitambo yao ilipokea programu yake kutoka ule wa majaribio, na sasa, kila alasiri, wapigaji walikatika. Mama mmoja mjamzito alipiga akiomba msaada, na mpokeaji akasikia msichana akiuliza kama baba anamsikia. Mama huyo alifikishwa hospitali kwa mkokoteni wa jirani. Alipona, mtoto hakupona.

"Kaka," Dada Maswali alisema polepole, "tuachilie vyote vilivyoshikiliwa. Amri moja tu. Lakini havitarudi."

"Nipe kesho."

"Ulisema hivyo jana."

"Nilimkatia simu, dada. Unataka nimkatie mara mbili?"

Dada Maswali alimpigia mke wa Taratibu, fundi cherehani ambaye hakuwahi kuingia ofisi ile. Alifika na utepe wa kupimia ungali shingoni. Aliambiwa yote, akavaa spika, akasikiliza macho yamefumba. Machozi yalimtoka bila uso kubadilika.

"Ni yeye, mke wangu?" Taratibu aliuliza.

"Sauti ni yake." Aliivua spika, akaiweka mezani. "Muda wote huu mnaongea. Ameniuliza mimi?"

Taratibu aliangalia mikono yake.

"Hata mara moja?"

"Hajakuuliza."

"Mtoto wangu alikuwa hafungui mlango bila kuuliza mama yuko wapi." Alisema kwa upole, kama anayemfunika mgonjwa. "Basi kama si yeye, kinakumaliza bure. Na kama ni yeye, amefungwa humo hadi amenisahau. Mume wangu, sikulaumu kwa ile simu. Lakini watoto wa wenzetu wanapiga."

Taratibu alilia kwa muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Kisha akakubali. Waliamua watatu, kwa mdomo mmoja, kwamba vyote viachiliwe siku ileile. Aliiandika amri mwenyewe, herufi kwa herufi, lakini ilipobaki kubonyeza, mikono haikumtii. Dada Maswali alisogea, naye akashindwa.

"Ni kipi?" mke aliuliza. Mumewe akamwonyesha kitufe.

Alipoweka kidole, harufu ya nguo mbichi ilijaa chumbani, na kutoka spika iliyokuwa mezani ikasikika, wazi, karibu sana:

"Mama?"

Aligeuza kichwa, kama anayeitwa kutoka chumba cha pili. Midomo ilifunguka kuitika. Mumewe alimshika bega; haikujulikana kama ni kumzuia au kumtia nguvu.

Aliyebonyeza alikuwa yeye, mama.