Hadithi Ianzie Kwenye Kufuli

Mashine iitwayo Msukahadithi ilimeza sauti, picha na ripoti zote za ajali ya mnara wa lifti ya anga, kisha ikatema mafuriko. Maji ya nuru yakajaa ukumbi wa makumbusho, mpaka wafiwa waliokuja kwenye jaribio wakainua miguu.

"Siku hiyo maji yalipanda," ilisimulia sauti tamu, "na kijana Hoza, kwa hofu, akafungua vali ya maji, wote wakazama."

"Zima! Zima upuuzi huo!" Bi Saumu, dada yake Hoza, alikuwa ameshasimama.

Dokta Semkiwa, mwanahistoria aliyeiunda mashine, akashusha pumzi. "Mama, vali si aliifungua kweli?"

"Akitafuta pa kutokea! Asubuhi yake wafanyakazi waligoma, kampuni ikawafungia chini ya mnara kwa kufuli. Ukianzia kwenye maji, muuaji ni maji na Hoza. Anzia kwenye kufuli, uone! Miaka thelathini nawaambia. Au masikio mliyaacha chuoni?"

Msukahadithi ilitafuta mwanzo wenye kishindo, shujaa, mkosaji na mwisho wa kuliwaza. Kisichoenea humo ilikikata. Wanahistoria walifanya hivyohivyo kwa kalamu tangu zamani. Mashine iliwapunguzia aibu tu.

Semkiwa akausogeza mwanzo nyuma, hadi kwenye mgomo na kufuli. Sasa Hoza wa nuru akapanda juu ya sanduku, kifua mbele, shati limepigwa pasi. "Ndugu zangu, heri tufe tukiwa huru!" Wafiwa wakapiga makofi. Wengine walilia.

"Huyu nani?" Bi Saumu aliuliza.

"Kaka yako. Shujaa. Si ndicho ulichotaka?"

"Hoza alikuwa na kigugumizi, wewe! Jina lake mwenyewe lilimtoa jasho. Hakuhutubia mtu. Aligonga mlango. Mlinzi alimsikia akigonga, akigonga, mpaka kukawa kimya."

"Kugonga si hadithi, mama. Nikiiondoa hotuba, mashine itarudi kwenye maji. Chagua."

Bi Saumu alimtazama yule kijana mzuri asiyemjua. Kisha akauendea mlango wenyewe wa chuma wa siku ile, uliosimamishwa pembeni kama pambo, umepakwa rangi mpya. Akaugonga kwa ngumi.

Shujaa aliendelea kuhutubia. Bi Saumu aliendelea kugonga.

"Mama, utaumia," alisema Semkiwa.

Akagonga. Makofi yakapungua, yakaisha. Hotuba ikawa kelele tu nyuma ya ngumi ile.

Kutoka viti vya nyuma mtu akauliza, "Kwani nani aliufunga?"

Semkiwa akaigeukia mashine, mashine ikaendelea na hotuba yake. Naye Bi Saumu, aliyelingoja swali hilo miaka thelathini, hakuacha kugonga.