Maji Meupe

Courant ya umeme ilikatika jioni, na majani ndani ya aquarium yakaanza kupumua.

"Hervé, kuya uone," Lydie aliita kwa sauti ya chini.

Mume wake akaja na tochi ya simu. Hervé alikuwa vitrier, fundi wa vioo kule Ibanda, na aquarium ile aliitengeneza mwenyewe: vioo, gundi ya silicone, mchanga chini, majani ya mtoni, samaki wachache wadogo na taa juu. Alijua kwamba majani ya namna ile hutoa vipovu yakipigwa na mwanga. Lakini taa ilikuwa imezimika, na vipovu vilikuwa vinapanda gizani, vikasimama, vikapanda tena, kama kifua cha mtu mdogo aliyelala.

"Ni hewa tu," akasema. "Usianze kunitia woga, muke wangu."

"Mimi siogope. Niko nasikiliza."

Inafaa niseme namna aquarium ile ilivyoingia nyumbani, maana iliingia kwa uongo. Lydie alikuwa amezaa mtoto wake wa kwanza, mvulana, na mtoto hakulia. Wazee wa familia wakasema yale waliyozoea kusema: mtoto asiyelia hapewi jina, hawekewi kilio, mama ajifunge kitenge arudi nyumbani. Hervé ndiye aliyempokea mtoto akiwa amefungwa ndani ya pagne, kipande cha kitenge. Alimzika kijijini Mumosho, kwenye shamba la marehemu baba yake, pembeni ya kijito kinachoshuka mto Ruzizi. Aliporudi alimwambia Lydie, "Usilie. Mungu atatupa mwengine."

Yeye mwenyewe alilia. Alirudi kule kwa siri mara nyingi, akikaa katikati ya migomba mpaka macho yakauke. Siku Lydie alipomuuliza juu ya matope kwenye suruali, aliona haya, akasema ya kwanza iliyomjia mdomoni: "Nilienda kutafuta mchanga na majani. Nataka nikutengenezee aquarium, ikufurahishe." Uongo ukishatoka unadai kazi. Basi aliitengeneza kweli, na kila kitu alikichota kwenye kijito kile kile, hatua chache chini ya kaburi. Hakufikiri. Ni wangapi kati yetu wangefikiri?

Siku zilizofuata, maji yalikuwa meupe kila asubuhi. Hervé hakushtuka. Maji ya aquarium mpya huchafuka hivyo kabla ya kutulia, na mtu hayamwagi yote, anapunguza kidogo na kuongeza kidogo. Akapunguza, akaongeza. Yakarudi meupe. Sebule nayo ikaanza kunuka, si matope wala samaki, bali harufu tamu ya shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, harufu ambayo nyumba ile haikuwahi kuipata.

Kisha usiku mmoja Hervé aliamka, akapapasa upande wa Lydie, akakuta kitanda kimepoa, na kutoka sebuleni akasikia kitu kinanyonya, taratibu, kinapumzika, kinanyonya tena, naye akatembea bila viatu akishika ukuta, akitaja jina la Yesu ndani ya meno, na alipofika mlangoni akamwona mke wake amepiga magoti juu ya kiti, nguo imefunguliwa, kifua kimeinama juu ya maji, na maziwa, yale maziwa yaliyokuwa yamekauka miezi mingi, yanadondoka, na chini ya matone yale majani yote yamejikusanya pamoja, yakafanya duara dogo linalofunguka na kujifunga kama mdomo, huku samaki wamejibana kwenye kona moja wasithubutu kusogea.

"Lydie!"

"Shii. Alikuwa karibu kulala."

Asubuhi Hervé alimwita maman Virginie, kiongozi wa maombi katika kanisa lao, akamweleza yote mbele ya mke wake, hata ule uongo. Maman Virginie akamtazama toka kichwa mpaka miguu.

"Mwanaume mukubwa hivi! Kulia, unaenda kujificha kwa migomba kama mwizi wa ndizi?"

Lydie akageuka polepole. "Ulikuwa unalia? Weye?"

"Kila mara."

"Na mimi ulinikataza."



Maman Virginie akaweka mkono juu ya kioo. "Jini inajua harufu ya machozi," akasema. "Inavaa sauti ya mutu ulimupoteza." Akaomba, akaimba, akaomba tena, halafu akaamuru kama alivyozoea kuamuru pepo wote: "Kwa jina la Yesu, sema jina lako!"

Maji yakatetemeka.

"Sema jina lako!"

Sauti ikatoka ndani ya kioo, ndogo, yenye ulimi usiozoea maneno.

"Sina. Hawakunipa."

Mkono wa maman Virginie ukaanguka. Akakaa chini. "Musijibu," akanong'ona. "Kama ni jini na mukiipa jina, mumeifungulia mulango."

"Na kama ni yeye?"

"Sijue, binti yangu. Mungu anisamehe, sijue."

Vipovu vilikuwa vinapungua. Kimoja. Kingine, baada ya muda mrefu. Lydie akamshika mume wake mkono.

"Sema weye. Mimi hata sura sikuiona. Weye njo ulimubeba."

Hervé akaweka paji la uso kwenye kioo. "Akonkwa," akasema. "Unaitwa Akonkwa. Mimi ni baba yako."

Hapo Lydie akalia, kilio kile alichokatazwa, mpaka sauti ikakauka, na maman Virginie badala ya kukemea akaanzisha wimbo wa mazishi. Maji yakawa safi kabisa. Harufu ikaondoka.

Siku ile ile wote watatu walirudisha kila kitu kijitoni, mchanga, majani, samaki, mpaka tone la mwisho, wakasimika msalaba juu ya kaburi. Maman Virginie aliapa kunyamaza.

Jioni, mume na mke waliporudi, walimkuta mlangoni jirani yao Francine, muuza makaa. Alikuwa ndiyo kwanza anashuka kutoka Kavumu, alikokaa wiki nzima, na hakujua lolote. Aliweka gunia chini, akatabasamu, macho yake nyuma ya bega la Lydie, ambako hakukuwa na kitu.

"Maman Akonkwa, bonsoir! Mutoto amelala?"

Lydie akapeleka mkono nyuma, chini ya mgongo, kama anayeinua mtoto aliyeteleza kidogo kwenye kitenge.

"Ndiyo," akajibu. "Amelala."